UZI: Mbio zako zisiishie kwenye picha ya skrini. Zichore kwenye ramani, zirudie, uone ulichofanya barabarani

MLETA MADA

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila wikiendi makundi yetu ya jogingi yanajaa picha za skrini. Kilomita 10, dakika 58, mwendo wa wastani 5:48 kwa kilomita. Mtu anapongezwa, tunasubiri wiki ijayo. Hoja yangu ni kwamba namba hizo tatu ndizo zenye faida ndogo kuliko vyote ulivyorekodi. Ndani ya simu au saa yako kuna faili linaloonyesha ulikuwa wapi karibu kila sekunde, na faili hilo unaweza kulifungua, kulichora kwenye ramani, kisha kulitazama likitembea kama marudio ya goli kwenye runinga. Wengi hawajawahi kuligusa. Naomba tulizungumze kwa kina, na wenye ujuzi zaidi waongezee.

Septemba 2025 kule Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda uleule, 2:09:48, na dhahabu ikaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Nchi nzima ilishangilia. Mbio ile mtu anaweza kuitazama tena mwanzo hadi mwisho, aone nani alisukuma wapi na Simbu alisubiri mpaka lini, kwa sababu kamera zilikuwepo njia nzima. Wewe na mimi tunaokimbia huko nyuma hatufuatwi na kamera yoyote. Ushahidi pekee wa kilichotokea kati ya kuanza na kumaliza ni lile faili. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaliacha lilale ndani ya programu, wanabaki na wastani.

Na wastani unaficha mengi. Mtu aliyekimbia 5:48 kila kilomita na mtu aliyeanza kwa 5:00 akamaliza anajikokota kwa 6:40 wanaweza kuwa na picha ya skrini inayofanana kabisa.

Faili lenyewe lina nini

Faili linalokubalika karibu kila mahali linaitwa GPX. Mpangilio huu ulianza mwaka 2002, toleo la 1.1 likatoka 2004, na bado ndilo linatumika. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia utaona ni maandishi matupu: mstari baada ya mstari, kila nukta ina latitudo, longitudo, mwinuko na muda. Saa nyingi za mkononi zinahifadhi kwa mpangilio mwingine uitwao FIT, lakini unaweza kutoa GPX kutoka humo.

Mambo matatu yanawachanganya watu wakilifungua mara ya kwanza.

La kwanza ni muda. GPX inaandika muda wa dunia, sio wa kwetu. Ukiondoka nyumbani saa 11:45 alfajiri, faili litaandika 02:45 na herufi Z mwishoni. Halijakosea. Ongeza saa tatu utapata 05:45, ambayo ndiyo saa kumi na moja na dakika arobaini na tano yetu.

La pili ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo zetu zote zinaanza na alama hiyo. Maeneo ya Coco Beach ni kama -6.767 na 39.283. Ukihamisha namba kwenye jedwali na alama ikapotea, mbio zako zinahamia milima ya Bale, Ethiopia.

La tatu ni mpangilio wa namba. GPX inataja latitudo kwanza, ila faili la KML linalotumiwa na Google Earth linaanza na longitudo. Ukizigeuza bila kujua, Coco Beach inaangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kwa hiyo ukiona mstari wako uko bara lingine, usifute kitu. Angalia alama na mpangilio.

Kulirudia

Njia rahisi kuliko zote ni programu za simu zinazotengeneza video, kama Relive ya Waholanzi. Unaunganisha akaunti, inakutolea video ya mstari wako ukipita juu ya milima na picha zako zikijitokeza njiani. Inapendeza kwa kuwaonyesha ndugu na marafiki. Kwa kujifunza haitoshi.

Mimi nashauri Google Earth Pro ya kompyuta, ile programu inayoonyesha dunia nzima kwa picha za setelaiti. Zamani ililipiwa, tangu Januari 2015 ni bure. Fungua faili lako la GPX humo ndani, kubali likuulizapo kama unataka kutengeneza njia yenye muda, na juu kushoto kitatokea kitelezi cha saa. Ukikivuta polepole, alama yako inatembea barabarani. Unaweza kusimama, kurudi nyuma, kuinamisha picha uone mlima ulivyokaa. Weka mwinuko ufuate ardhi, la sivyo mstari utaelea hewani au utazama chini ya lami.

Halafu kuna programu iitwayo GPX Animator. Hii ni bure pia na inahitaji Java kwenye kompyuta. Uzuri wake ni kwamba unaipa mafaili mengi kwa pamoja, kila mkimbiaji rangi yake, inakutolea video moja nukta zote zikikimbia kwa wakati mmoja. Hapa ndipo macho yanafunguka.

Mfano: Moshi

Nachukua nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa sababu wengi humu mmeikimbia. Njia yake haina huruma wala haina siri: unaondoka upande wa chuo cha ushirika, unapanda kuelekea Mweka, unageuka, unateremka. Mji wenyewe uko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ni juu tu mpaka mgeuko.

Sisi wa klabu yetu tulikusanya mafaili ya wenzetu tuliokimbia pamoja, tukayaweka kwenye video moja. Mwanzoni nukta zote zimebanana, hata rangi hazitofautishwi. Baada ya kilomita chache kundi linakuwa mkia mrefu. Waliotoka mbele kwa kasi ya barabara tambarare wanaonekana wakipungua kidogo kidogo, sio ghafla. Hakuna anayesimama. Wanazidi tu kusogeleana na waliokuwa nyuma yao, na kabla ya mgeuko wameshapitwa. Kwenye kuteremka nilitegemea waliopanda kwa kasi watalipwa. Ilikuwa kinyume: aliyepanda kwa utulivu ndiye aliyeshuka akiwa na miguu, na pengo kubwa kuliko yote lilitokea kwenye mteremko, mahali ambapo kila mtu alidhani ni bure.

Hilo hakuna picha ya skrini ingelionyesha. Kocha wetu alikuwa analisema kila siku. Video ilipochezwa, ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakaanza kuuliza maswali ya maana: nipande kwa mwendo gani, nianze kusukuma wapi. Alisimamisha video pale kwenye mwinuko, akamwonyesha kila mtu nukta yake.

Angalizo moja kwa wanaotaka kufanya hivi. Usisome kasi ya sekunde moja moja. Simu nzuri kwenye anga wazi inakosea kama mita 5 kwa kila nukta, na mtu wa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita anasogea chini ya mita 3 kwa sekunde. Kosa ni kubwa kuliko hatua yenyewe. Kwa hiyo usiseme "hapa nilikimbia kama duma" kwa sababu ya nukta moja. Soma wastani wa mita 100 au 200, hapo ndipo ukweli unapoonekana.

Toa mafaili yako nje

Hili nasisitiza. Wakongwe wa simu wanaikumbuka Endomondo, programu ya kurekodi mbio, ilikuwa kwenye simu za watu wengi sana. Ilifungwa mwisho wa Desemba 2020. Waliopakua mafaili yao mapema wanayo hadi leo na wanaweza kuyarudia. Ambao hawakupakua, historia yao ya kukimbia imeondoka. Hata kama unatumia Strava, programu nyingine ya kurekodi mbio, na unaipenda, nenda kwenye mipangilio ya akaunti uombe nakala ya data zako zote, iweke kwenye kompyuta na sehemu nyingine ya pili. Programu ni ya kampuni. Mbio ni zako.

Nawasilisha. Karibuni.

---

MDAU WA TABATA

Mkuu umetisha, uzi umeshiba. Maswali mawili. GPS inakula bando kiasi gani? Na simu yangu inakata kurekodi katikati, nikirudi nakuta mstari umenyooka kutoka Segerea mpaka Buguruni kana kwamba nilipaa juu ya mabati.

MLETA MADA

Asante kaka. GPS haili bando hata kidogo. Setelaiti ziko juu kama kilomita 20,200, zinatangaza tu. Simu yako inasikiliza, haitumi kitu huko. Inahitaji kusikia angalau setelaiti nne ili ijue iko wapi. Intaneti inasaidia mwanzoni, simu ipate haraka taarifa za setelaiti zilipo badala ya kuzisubiri kutoka angani, na inatumika kuonyesha picha ya ramani. Ukitaka kuzima data kabisa, toka nje, subiri dakika moja mbili chini ya anga wazi mpaka ikushike, ndipo uanze. Rekodi itakuwa kamili.

Mstari ulionyooka maana yake programu ililazwa usingizi na simu ili kuokoa chaji, ikaamka baadaye, ikaunganisha nukta mbili zilizo mbali. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta ile programu yako ya kukimbia, iruhusu ifanye kazi nyuma bila kizuizi. Izuie pia isifungwe unapofunga programu zote kwa mkupuo. Kama simu bado inakusumbua, jaribu OpenTracks. Ni nyepesi, ni bure, haina akaunti, na inakutolea GPX moja kwa moja.

---

MPIMA NJIA

Mleta mada umegusa mahali nilipo. Nimeshiriki kupima njia za mbio, kwa hiyo naomba niongezee kwenye suala la umbali, maana baada ya kila mashindano waandaaji wanatukanwa: "Saa yangu imesoma 42.6, mmetudhulumu mita 400!"

Njia ya marathoni haipimwi kwa GPS. Inapimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kinaitwa Jones Counter, na baiskeli yenyewe inalinganishwa kwanza na kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, akikata kona karibu na ukingo. Halafu inaongezwa sehemu moja kwa elfu, yaani mita 42 kwenye marathoni, ili hata kukiwa na kosa dogo njia isiwe fupi kuliko kilomita 42.195.

Mkimbiaji wa kawaida hafuati mstari ule. Anazunguka kona kwa nje, anavuka barabara kufuata maji, anapita watu kwa pembeni. Hapo hapo GPS inatikisika kushoto na kulia, na kila mtikisiko unaongeza urefu wa mstari. Ukijumlisha, mita 300 au 400 zinapatikana bila mtu yeyote kudhulumiwa.

Ukitaka kuhakikisha, fanya alichosema mleta mada. Chora mbio zako juu ya picha ya setelaiti, vuta karibu, tazama kwenye kona. Utaona ulivyozunguka. Kuna watu wanaacha mita kadhaa kila kona, na njia ya mjini ina kona nyingi. Huo ni muda unaoweza kuuokoa bila kuongeza mazoezi.

MLETA MADA

Mkuu, mchango huu ni dhahabu. Naongeza tu kwamba katikati ya jiji kwenye maghorofa, mfano Posta na Kisutu, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, hivyo mstari unaweza kupita ndani ya majengo. Kona za huko usizihukumu kwa faili. Saa na simu zinazopokea masafa mawili ya setelaiti zinapunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa.

---

MKONGWE WA UWANJA WA TAIFA

Vijana, nawasoma kwa makini. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974, 3:32.16, alikaa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuwa na setelaiti wala video. Hamwoni kwamba mnatumia muda mwingi kwenye kompyuta kuliko barabarani?

MLETA MADA

Shikamoo mzee wangu.

Bayi namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini tuangalie mbio zake zilikuwa za namna gani. Uwanjani kila mzunguko ni mita 400, kocha anasimama na saa ya mkononi, kila kipande kinaandikwa. Kumbukumbu ilikuwepo, tena sahihi kuliko GPS yetu. Eliud Kipchoge naye, pamoja na yote aliyonayo, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa mkono, miaka na miaka. Wakubwa wote wanarudi kutazama walichofanya. Barabarani hatuna mizunguko ya mita 400, hatuna kocha kila kona, kwa hiyo faili linashika nafasi ya saa ya kocha.

Kuhusu muda, mzee, hapo nakubaliana nawe kabisa. Sirudii kila jogingi ya asubuhi. Narudia mashindano na yale mazoezi marefu yanayoumiza. Ya kawaida yanabaki kwenye hifadhi.

MKONGWE WA UWANJA WA TAIFA

Marahaba. Hapo tumeelewana. Enzi zetu daftari lilikuwa lazima.

---

MDAU WA NAIROBI

Habari zenu majirani. Sisi huku tunakimbia sana msitu wa Karura, na miti ile mikubwa hufanya mstari uruke sana. Lakini swali langu ni la mwinuko. Nilienda Iten kwa mazoezi, kule juu zaidi ya mita 2,000, na mimi na rafiki yangu tulikimbia bega kwa bega. Simu yangu ikasema tumepanda mita 410, saa yake ikasema 260. Nani mkweli?

MLETA MADA

Karibu sana ndugu. Kwa uwezekano mkubwa ni saa yake, kama ina kipimo cha mgandamizo wa hewa. GPS ni dhaifu zaidi kwenye kupima juu na chini kuliko kwenye kupima mahali, kwa hiyo mwinuko unapanda na kushuka mita kadhaa hata ukiwa umesimama, na kila kupanda kwa uongo kunajumlishwa. Kipimo cha hewa kinafuata vilima vizuri, ingawa mvua ikija katikati ya mbio mgandamizo unabadilika nacho kinayumba.

Njia ya tatu ni kuutupa mwinuko wa simu na kuweka ule wa ardhi uliopimwa kutoka angani. Tovuti kama GPS Visualizer inakufanyia hivyo bure: unapakia faili, unachagua kubadilisha mwinuko, unalipakua tena. Data maarufu zaidi ya aina hii ilichukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, kwa siku 11 tu, na imefunika sehemu kubwa ya dunia. Kwa milima ya Iten inafaa, ardhi haijahama.

Tahadhari ni kwenye madaraja. Daraja la Tanzanite hapa Dar, kilomita moja na kidogo juu ya bahari, lilifunguliwa 2022. Mwaka 2000 pale palikuwa maji. Kwa data ile, wote tunaopita juu ya Tanzanite tunakimbia juu ya mawimbi, mita sifuri. Na kwenye Google Earth ukirudisha picha za miaka ya nyuma, utaona mstari wako unakatiza bahari tupu kutoka Coco Beach mpaka upande wa Aga Khan. Kila nikiliona hilo nafurahi, sijui kwa nini.

---

DADA WA MIKOCHENI

Mada nzuri, ila naomba tuzungumze jambo ambalo wanaume huwa mnalipita haraka. Mimi nakimbia alfajiri, mara nyingi peke yangu. Mstari wangu unaanza getini kwangu, unaisha getini kwangu, siku zilezile, saa ileile. Nikiuweka hadharani nimempa mtu yeyote ratiba yangu na mlango wangu. Kabla hamjawashawishi watu warushe video zao, waambieni na hili.

MLETA MADA

Dada, uko sahihi asilimia mia, na hili lilistahili sehemu yake kwenye mada. Nalijibu kwa urefu.

Strava walipotoa ramani ya joto ya dunia nzima Novemba 2017, yaani ramani inayong'aa zaidi pale watu wanapokimbia sana, walijumlisha mbio za mamilioni ya watu bila majina. Ilionekana haina madhara. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akaitazama na kuonyesha kwamba kwenye majangwa ya Syria na Afghanistan kulikuwa na mistari inayong'aa peke yake gizani: wanajeshi wakikimbia kuzunguka kambi zao. Kama majeshi yalijianika bila kujua, mtu mmoja mmoja ni rahisi zaidi. Strava wana pia kitu kiitwacho Flyby, kinachorudisha mbio zako pamoja na za watu mliopishana njiani. Kwa kurudia mashindano kilikuwa kizuri sana, lakini kilimwezesha mgeni kumjua mtu aliyempita barabarani. Mwaka 2020 kikabadilishwa, sasa hakikuonyeshi mpaka wewe mwenyewe uruhusu.

Kwa hiyo, kabla ya kurusha chochote: washa kipengele cha kuficha mwanzo na mwisho wa mbio kuzunguka nyumbani na kazini. Ficha eneo pana, sio mita 200, maana mtaa wenye nyumba chache mita 200 hazifichi kitu. Rusha saa kadhaa baadaye au kesho yake. Kama unataka kumpa mtu faili, likate kwanza. Kwenye gpx.studio, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari, unafuta kipande cha mwanzo na cha mwisho, na ukitaka unaondoa na muda wote. Na zile njia za Google Earth na GPX Animator nilizotaja kwenye mada zinafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Faili halihitaji kuwekwa hadharani ili ulirudie.

DADA WA MIKOCHENI

Asante kwa kulichukulia kwa uzito. Naongeza: mwambie mtu mmoja unayemwamini njia yako na saa ya kurudi. Kuonyesha mahali ulipo moja kwa moja kwa ndugu yako ni tofauti na kuwaonyesha watu wote.

---

MDAU WA MBAGALA

Mimi tatizo langu ni ramani yenyewe. Ninapokimbia kuna njia za miguu, vivuko vya mto, vichochoro, lakini nikichora mbio zangu mstari unapita mahali peupe. Video inaonekana kama nakimbia porini wakati ni mtaani kwetu.

MLETA MADA

Kaka, wewe ndiye mtu tunayemhitaji. Badilisha ramani ya chini, tumia OpenStreetMap. Hii ni ramani huria iliyoanza mwaka 2004, inachorwa na watu wa kawaida. Dar imebahatika, kwa sababu kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mtaani wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Ardhi, pamoja na wenyeji, wakachora mitaro, nyumba na njia ili jiji lijiandae na mafuriko. Kata nyingi zina undani ambao ramani za kibiashara hazikuwa nao.

Ikiwa kichochoro chako bado hakipo, faili lako ndilo la kukiweka. Fungua akaunti, pakia GPX yako kama njia iliyorekodiwa, kisha chora mstari juu yake na uandike ni njia ya miguu. Pita mara kadhaa siku tofauti kabla ya kuchora, ili mtikisiko wa GPS uonekane na uchore katikati ya mistari. Kata mwanzo na mwisho kama alivyosema dada, maana kule faili linaweza kuonekana na wote. Na usiinakili kutoka kwenye ramani za kampuni nyingine, hilo haliruhusiwi. Chora ulichokikanyaga.

Kivuko kikishakuwa kwenye ramani, hakimsaidii mkimbiaji peke yake. Mama anayempeleka mtoto kliniki wakati wa mvua naye anakiona.

MDAU WA MBAGALA

Nimeelewa mkuu. Jumamosi napita kuanzia Kizuiani, nitaleta mrejesho humu.

---

MDAU WA ARUSHA

La mwisho kutoka kwangu. Sina klabu, nakimbia peke yangu njia ya Njiro. Naweza kushindana na mimi mwenyewe wa mwaka jana kwenye video moja? Tarehe zinatofautiana, niliweka mafaili mawili GPX Animator ikanipa video ndefu mno, nukta moja inamaliza halafu skrini inakaa tupu.

MLETA MADA

Inawezekana kabisa, na ndiyo matumizi ninayoyapenda zaidi. Video ni ndefu kwa sababu programu inaheshimu tarehe. Inasubiri mwaka mzima upite kati ya mbio moja na nyingine. Kwenye mipangilio ya kila faili kuna sehemu ya kusogeza muda. Chukua muda wa nukta ya kwanza kwenye faili la zamani na ule wa faili jipya, tafuta tofauti yake, usogeze la zamani mbele kwa kiasi hicho, yaanze pamoja. Programu inataka tofauti hiyo kwa milisekunde, kwa hiyo zidisha sekunde zako mara 1,000. Mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000.

Kabla ya hapo kata mafaili yote mawili yaanzie mahali pamoja, nguzo au kona unayoijua, maana kama la zamani lilianzia getini na jipya limeanzia barabarani, ulinganisho hauna maana. Weka la zamani kijivu na jipya rangi kali. Usizidishe kasi ya video zaidi ya mara 50 au 60 ya kawaida, vinginevyo hutaona pengo linapofunguka. Ukikwama tuma picha ya mipangilio yako humu, nitaangalia jioni nikitoka kazini.

MDAU WA ARUSHA

Imekubali mkuu. Mpaka kona ya pili tuko sawa kabisa, kwenye kile kilima baada ya hapo wa mwaka jana ananiacha. Narudi kuangalia mwendo wangu wa pale.

MLETA MADA

Angalia mita 300 kabla ya kilima, sio kilima chenyewe. Linganisha uliingia kwa mwendo gani siku zote mbili.